Nyumba za Sadaka: Jengo Limebaki, Sadaka Imekwenda Wapi?



 

Safu yetu ya historia leo haitazungumzia vita wala wafalme. Tutazungumzia nyumba. Si kila nyumba, bali zile alizozijenga mtu kwa mali yake mwenyewe, kisha akasema: hii si yangu tena, ni ya maskini, wagonjwa au wazee wasio na mtu. Tutatazama zimejengwaje, zimeishije, na zipi zimedumu. Mwisho tutarudi hapa Kampala, kwa sababu jambo lililotufanya tushike kalamu limetokea hapa hapa, na sisi wenyewe tumo ndani yake.

Nyumba ya Hajati

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa mji wetu, alikuwepo mama mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Hajati. Allah amrehemu. Alikuwa na nyumba yake ndogo, na nyuma yake safu ya vyumba vitano vya kupangisha, vile vya mlango mmoja na dirisha moja. Viwili alikuwa amewapa wajane wawili bure, bila kodi, na ilikuwa inajulikana.

Usiku mmoja wa Ramadhani alitualika futari, sisi waalimu watatu wa madrasa na majirani zake. Baada ya uji na chai akasema mbele yetu sote: "Waalimu wangu, mimi nikifa, vyumba hivi viwe wakfu wa wajane." Tukasema Allahu Akbar. Tukamwombea dua ndefu. Tukanywa chai ya pili, tukaenda tarawehe.

Hakuna aliyetoa kalamu.

Hajati alipofariki, warithi walituita kwa heshima watueleze jambo hilo. Mmoja wetu alikumbuka kwamba alisema vyumba vyote vitano. Wa pili alikumbuka ni viwili tu, vile walivyokaa wajane. Wa tatu alidhani ni pamoja na nyumba yenyewe. Mashahidi watatu, maneno matatu. Zaidi ya hayo, alisema "nikifa", kwa hiyo neno lake likawa na hukumu ya wasia, na wasia kwa sheria yetu hauzidi theluthi ya mali. Tena ardhi yenyewe ilikuwa kibanja juu ya mailo ya mtu mwingine. Kwa nini tuwalaumu warithi? Walikuwa na madeni na watoto wa kusomesha. Nyumba ikauzwa. Tulimwona mjane mmoja akiondoka na godoro na madumu mawili ya maji juu ya boda boda, naye akatusalimia kama kawaida, "Waalimu, hamjambo?"

Salamu ile ndiyo iliyotupeleka kwenye vitabu vya historia.

Mwanzo wetu: Suffa na shamba la Khaybar

Waislamu hatukujifunza kwa wengine habari ya nyumba ya maskini. Ya kwanza kwetu ilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Qibla kilipogeuzwa kutoka Baytul Maqdis kuelekea Makka, upande wa nyuma wa msikiti ukabaki na kivuli cha paa la makuti ya mtende. Hapo ndipo walipokaa masahaba waliohama bila mali, bila jamaa na bila nyumba. Mahali pale paliitwa Suffa, na wao wakaitwa Ahlus-Suffa. Abu Hurayra (R.A.), ambaye kila mtoto wa madrasa anamjua kwa wingi wa hadithi alizopokea, alikuwa mmoja wao.

Ujenzi wake haukuwa na fahari yoyote: nguzo za magogo ya mtende, paa la makuti, sakafu ya udongo. Lakini tazameni mahali pake. Maskini hawakuwekwa nje ya mji wala nyuma ya ukuta. Waliwekwa pale ambapo kila mwenye kuja kusali lazima awaone. Aliyekuwa na tende alizileta pale. Aliyekuwa na nafasi nyumbani alimchukua mmoja au wawili wakale kwake.

Kisha ikaja kanuni ya wakfu. Umar bin Khattab (R.A.) alipata ardhi Khaybar, mali ambayo hakuwahi kupata bora kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Akaelekezwa azuie asili yake na atoe matunda yake sadaka: ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na faida yake iwaendee mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa kiasi cha wema, bila kujikusanyia mali. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Ndugu wasomaji, shikeni mambo mawili katika habari hii, kwani tutayarudia. La kwanza: asili huzuiwa, matunda hutolewa. Yaani sadaka ya kudumu inahitaji kitu kinachozaa. La pili: msimamizi ametajwa tangu siku ya kwanza, na mpaka wake umetajwa.

Jengo la Tharia Topan, Unguja

Sasa twendeni pwani. Sisi watu wa Uganda tuna haki ya kuitazama Unguja kama jirani, kwa kuwa Uislamu ulifika katika jumba la Kabaka Suuna II, mwaka 1844 kama wanahistoria wengi wanavyoandika, kwa njia ya wafanyabiashara wa misafara iliyoanzia huko.

Anayefika Unguja kwa boti akatazama mji kutoka baharini, huona katika barabara ya Mizingani jengo kubwa la orofa, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi ya bibi harusi. Wenyeji huliita zahanati ya zamani. Wengi wetu tukipiga picha pale tunadhani ni jumba la sultani. Sivyo. Lilianza kama nyumba ya sadaka.

Aliyelijenga ni Tharia Topan, Mhindi wa Kiismailia aliyezaliwa Kutch mwaka 1823, akaja Unguja akiwa kijana mdogo. Alianza chini kabisa katika biashara, akapanda hadi kushika ukodishaji wa ushuru wa forodha wa Zanzibar katika miaka ya 1870. Alikopesha misafara ya bara, pamoja na ya Tippu Tip. Tusifiche: utajiri wa Unguja wa siku zile ulitokana na pembe za ndovu na karafuu, na pembe zilibebwa na karafuu zikachumwa kwa jasho la watu wengi ambao hawakuwa huru. Hilo ni sehemu ya historia ya kila jiwe la mji ule, na watoto wetu waambiwe.

Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala. Kwa kumbukumbu hiyo Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali kwa ajili ya wagonjwa maskini. Mchoraji wa ramani alikuwa Hashem Virjee Patel, Mhindi pia. Mwaka 1890 malkia alimtunuku Tharia cheo cha Sir. Mwaka uliofuata, 1891, akafariki kabla ya jengo kukamilika. Lilimalizika mwaka 1894.

Tulitazame jengo lenyewe, maana mafundi wake wanastahiki. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe. Lakini juu ya kuta hizo za Kiswahili mafundi waliweka mapambo ya Kihindi: roshani za orofa juu ya orofa, nguzo na mabano ya mbao yenye nakshi, lipu iliyofinyangwa maua, na vioo vya rangi. Ndani yake mna ua uliozungukwa na vyumba na kumbi, na mwanga unaingia kutoka juu. Mgonjwa aliyelala ndani angepata hewa ya bahari upande mmoja na kivuli cha ua upande wa pili. Kwa siku zile ambazo umeme haukuwepo, huo ulikuwa ujenzi wenye akili.

Na sasa swali la mwanafunzi mwerevu: hospitali ile iliwatibu wagonjwa wangapi?

Jibu ni kwamba jengo la fahari lilimalizika, na mwenye nia alikuwa kaburini. Roshani zilikuwepo, lakini hospitali iliyokusudiwa haikusimama. Mjane wake alijitahidi kumaliza kazi ya mumewe, kisha baada ya miaka michache jengo likauzwa. Asili ilijengwa, lakini kilichokosekana ni cha kuitunza.

Sadaka ya pili juu ya jengo moja

Lakini Mwenyezi Mungu akitaka kheri haipotei. Mwaka 1900 hivi jengo lilinunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, tajiri wa Khoja Ithnashari. Huyu hakuota hospitali kubwa. Alifanya jambo dogo linalowezekana: orofa ya chini akaifanya zahanati ya sadaka yenye daktari, na vyumba vya juu vikawa makazi ya watu. Tofauti za madhehebu hatuzijadili hapa. Tunataja kheri kwa jina la aliyeifanya.

Wazee wa ujenzi husema nyumba inayokaliwa haifi, na kwa nyumba za matumbawe ni kweli kabisa. Jiwe la matumbawe lina matundu, hunywa maji. Chokaa hulishika jiwe maadamu ni kavu. Paa likivuja, mvua huingia ndani ya ukuta, hulainisha chokaa na kuoza ncha za boriti zilizolazwa ukutani. Ukuta unaweza kuonekana mzima kwa miaka, kumbe ndani ni mchanga. Mwenye kukaa ndani huliona tone la kwanza, akapanda juu akaziba. Nyumba isiyo na mtu haina wa kuliona tone hilo. Ndiyo maana watu wa juu walilinda zahanati ya chini, hata kama hawakujua. Zahanati ile ilidumu hivyo zaidi ya miaka 60, kuliko ndoto ya kwanza.

Kisha yakaja Mapinduzi ya mwaka 1964. Wengi waliokuwa wakiitunza waliondoka visiwani, na jengo likaingia mikononi mwa serikali. Katika miaka ya 1970 na 1980 lilichakaa vibaya. Mwaka 1990 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ililichukua kwa mkataba, ikalitengeneza kwa miaka kadhaa, mafundi wakarudisha mbao, lipu na vioo. Likafunguliwa upya kama kituo cha utamaduni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kazi ile ni ya kushukuriwa. Mwenye shaka akumbuke jirani yake, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Bila mkono wa mwaka 1990 huenda zahanati nayo ingefuata njia hiyo.

Hata hivyo tuseme ukweli wa mambo. Mawe yalipona. Roshani zilipona. Lakini mama maskini mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa akifika leo kwenye mlango ule hapati dawa. Jengo limebaki, sadaka imekwisha. Kwa mtalii hiyo ni ushindi. Kwa mwenye kutoa sadaka, anayetaraji thawabu zimfuate kaburini, ni jambo la kufikiri sana.

Nyumba ya wazee ya Winchester

Pengine msomaji atauliza: je, iko nyumba ambayo sadaka yenyewe imedumu, si mawe tu? Zipo katika ulimwengu wa Kiislamu, lakini leo tuchukue mfano wa Uingereza. Tuna sababu. Sheria ya wadhamini inayotumika katika mahakama zetu za Kampala tuliipata kwa Waingereza, na wao wana nyumba za maskini za tangu zamani: vijumba vya wazee fukara, vilivyojengwa na matajiri au maaskofu. Mpaka leo zaidi ya wazee 30,000 wanaishi katika nyumba za namna hiyo nchini humo.

Moja ya kongwe kabisa ni Hospital of St Cross, nje kidogo ya mji wa Winchester, kando ya mto Itchen. Neno hospitali lisitupotoshe. Zamani lilimaanisha mahali pa kupokea wageni. Askofu Henry wa Blois aliianzisha katika miaka ya 1130 kwa ajili ya maskini 13 waliokuwa hawawezi kujitegemea, waishi humo, na maskini wengine 100 walishwe kila siku. Mwaka 1445 Kardinali Henry Beaufort aliiongezea kundi la pili la wazee na kuwajengea makazi. Wazee wa kundi la kwanza huvaa majoho meusi, wa kundi la pili mekundu, hadi leo.

Ujenzi wake una mafunzo. Unaingia kwa lango moja lenye mnara. Ndani kuna ua mpana wa majani. Upande mmoja ni kanisa kubwa la mawe, upande mwingine ukumbi wa kulia, na upande wa tatu safu ndefu ya makazi yenye dohani ndefu zilizopangana kama askari. Kila mzee ana vyumba vyake na moto wake wa kuota, kwa maana baridi ya kule si mchezo. Lakini milango yote inatazama ua uleule. Mzee asipotoka asubuhi, wenzake wanajua. Ana faragha, lakini hana upweke.

Je, haifanani na Suffa? Maskini kando ya mahali pa ibada, wakionekana na kila anayepita. Na ua wa kati haufanani na ule wa Unguja? Watu ambao hawakuonana walifikia jibu lilelile: mnyonge awekwe mahali ambapo jicho la watu litamfikia.

Mpaka leo msafiri yeyote akibisha langoni na kuomba, hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha bia. Bia kwetu ni haramu na hatuipambi. Lakini desturi ya kumpa msafiri kitu bila kumwuliza yeye ni nani, hiyo tunaijua, na inatupasa tuijue zaidi yao.

Msimamizi aliyekula wakfu

Msidhani miaka 900 hiyo ilipita kwa amani. Nyumba ile ilikuwa na mashamba mengi, na mashamba yalizaa, na palipo na asali hapakosi nzi. Katika karne ya 14 askofu William wa Wykeham alilazimika kuwashitaki wasimamizi walioifanya kama shamba lao. Mwaka 1696 msimamizi na wazee walitia saini hati mpya iliyodai kwamba taratibu za asili zimepotea, na kwamba ziada ya mapato ni haki ya msimamizi. Mwizi hapa hakuvunja mlango, alitumia kalamu.

Mwaka 1808 askofu wa Winchester wa wakati huo alimteua mwanawe mwenyewe, Francis North, baadaye Earl wa Guilford, awe msimamizi. Alikaa kitini kwa zaidi ya miaka 40, akijitajirisha kwa mapato ya nyumba ya maskini. Mambo yakafika mahakamani mwaka 1849. Mwaka 1853 jaji Romilly alitoa hukumu dhidi yake, na ile hati ya mwaka 1696 akaikemea kwa maneno makali kuwa ni hati ya aibu. Mwaka 1855 bwana yule akaondoka. Baada yake uliwekwa utaratibu mpya wa wadhamini wanaotoa hesabu.

Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) alikwisha weka mpaka wa msimamizi karne nyingi kabla ya kesi ile: ale kwa wema, asijikusanyie. Kwa hiyo tusiisome habari hii kwa kuwacheka Wazungu. Magazeti ya Kampala ya miaka ya 2000 yalijaa migogoro ya mali za Waislamu, viwanja na hati, hadi mahakamani. Aliyeweka mali ile amelala kaburini anasubiri thawabu, na walio hai wanagombania funguo.

Tofauti ni nini basi? Kwa nini sadaka ya Winchester iliponea chupuchupu ikaendelea, na ya Unguja ikabaki jina? Tumelitafakari tukaona mambo matatu. Winchester ilikuwa na ardhi inayozaa, si jengo tupu. Ilikuwa na kusudi lililoandikwa, kiasi kwamba hata baada ya miaka 700 mtu aliweza kusimama mbele ya jaji akasema: nyumba hii ni ya maskini. Na ilikuwa na mtu wa nje mwenye mamlaka ya kuuliza hesabu. Jengo la Tharia Topan lilikuwa na roshani nzuri kuliko dohani zote za Winchester, lakini katika matatu haya lilipungukiwa. Tuongeze kwa uadilifu kwamba Winchester haikupata mapinduzi kama ya mwaka 1964. Mambo mengine ni qadar.

Turudi Kampala

Mji wetu hauna upungufu wa watu wa kheri. Mlima wa Kibuli una msikiti, shule na hospitali juu ya ardhi iliyotolewa na Prince Badru Kakungulu (1907-1991), Allah amrehemu. Ni vigumu kuhesabu vizazi vilivyosoma pale. Na tusione haya kujifunza kwa majirani: pale Nalukolongo, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha mwaka 1978 nyumba ya wazee na walemavu, nayo bado ipo; Papa Francis aliitembelea Novemba 2015. Sisi husema kwetu mzee halelewi na watu baki, analelewa na wanawe. Ni kweli na ndivyo dini inavyotaka. Lakini mzee asiye na mwana? Mjane aliyefukuzwa na shemeji? Hajati aliliona swali hilo kabla yetu.

Tunawashauri wazazi na wazee wenye nia njema mambo haya:

1. Tamka ukiwa hai. Ukisema "ninaweka wakfu sasa" ni wakfu. Ukisema "nikifa" ni wasia, na mpaka wake ni theluthi. Muulize sheikh wako akupambanulie kabla hujasema.

2. Andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Ikiwa deni la muda linaandikwa, je, sadaka ya milele? Taja mali yenyewe, mipaka yake, nani wafaidike, na ikiwa hao hawapo tena iende wapi. Mashahidi watie saini, na warithi wako wazima wawepo wasikie.

3. Jua ardhi yako. Kama ni kibanja, mwenye mailo lazima ashirikishwe. Kama una hati, nenda ofisi ya ardhi uhakikishe jina lililomo ni lako. Wakfu juu ya ardhi ya mtu mwingine ni ugomvi unaowarithisha watoto.

4. Weka wadhamini zaidi ya mmoja, wasiwe wa ukoo mmoja, na wasajiliwe kwa sheria ya nchi ya usajili wa wadhamini. Andika jinsi wa kwanza akifa atakavyopatikana wa pili.

5. Acha kitu kinachozaa. Vyumba vitano: vitatu vipangishwe, viwili wakae wajane, na kodi ya vile vitatu itengeneze paa la vyote. Hiyo ni bora kuliko vyumba kumi vya bure vinavyovuja.

6. Hesabu isomwe hadharani kila mwaka, msikitini, hata kama ni shilingi chache. Msimamizi mwaminifu hataudhika. Itamlinda.

Na sisi waalimu tunajiusia wenyewe kwanza. Kuitikia Allahu Akbar mtu anapotoa sadaka ni vizuri. Kumletea kalamu na karatasi ni vizuri zaidi. Siku hizi katika madrasa yetu kuna daftari moja la jalada gumu. Mtu akinena nia ya wakfu, mmoja wetu huandika palepale tarehe, maneno yake kama alivyoyasema, na majina ya waliosikia, kisha humsomea asikie kama ndivyo, na kesho yake huenda naye kwa sheikh na kwa mwanasheria. Daftari hilo si mahakama. Lakini laiti lingekuwepo usiku ule wa futari, tusingekuwa mashahidi watatu wenye maneno matatu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza lililotajwa ni sadaka yenye kuendelea. Msomaji, ukipita Unguja tazama roshani zile, uwaombee waliojenga kwa nia njema. Kisha ukirudi nyumbani keti na wazazi wako, uwaulize kwa adabu kama kuna jambo la kheri walilolinuia ambalo bado halijaandikwa.

Ewe Mola wetu, mpokelee Hajati nia yake, utusamehe sisi uzembe wetu, na uwape wajane wetu na wazee wetu mahali pa kulaza ubavu. Amin.